Shamba Lilipoishia

Bwana Khagendra wa ofisi ya Pokhara
alituandikia nchi tano nyuma ya risiti ya chai:
Ujerumani, Uholanzi, Ufini, Ureno, Poland.
Kando ya kila moja, ada, na fedha za kuonyesha benki
ili ubalozi uamini kwamba hatufi njaa.

Baba hakuuliza lugha wala baridi.
Alichukua kalamu yangu ya shule
akaanza kuzigeuza nchi kuwa mpunga.

Shamba letu lina ngazi kumi na moja,
zilichongwa ubavuni mwa mlima na watu waliokufa
kabla ramani haijatujua.
Ujerumani: ngazi tisa.
Ufini: saba na nusu.
("Nusu ngazi atainunua nani?" mama aliuliza.)
Ureno ni nafuu, lakini Ureno ilimmeza mjomba Dilman:
alikwenda kusomea hesabu za biashara,
mwaka wa sita huu anachuma matunda mekundu chini ya nailoni
na picha anazotuma ni za viatu vipya tu.
Poland: ngazi nne.
Uholanzi: ngazi zote, na paa, na nyati.

Uholanzi ndiyo aliyoitaka Sunmaya.
Alisema huko nchi iko chini ya bahari
na watu wamejifunza kuyaambia maji: simama hapo.
Miaka kumi na tisa ameishi kwa magoti,
akipanda, akishuka, kamba ya kikapu kwenye paji la uso;
alitamani tambarare
kama mtu anavyotamani usingizi.

Bibi alikuwa akipepeta dengu. Aliuliza jambo moja:
"Wapi kati ya huko wanakula wali?"
Tukacheka. Kisha hatukucheka.

Ikawa Poland. Hakuna aliyeichagua;
ndipo shamba lilipoishia.

Nilidhani yamekwisha, kumbe ndiyo yanaanza.
Ngazi nne, sawa. Zipi?
Za juu zina mawe, lakini huko ndiko maji hufika kwanza:
ukiziuza, kila msimu wa kupandikiza
utabisha hodi kwa jirani kuomba mfereji wa babu yako.
Za chini ni pana, zinapakana na barabara,
udongo wake mweusi,
mchele wa harusi hutoka humo.
Baba alinyamaza siku tatu.
Mama akasahau chumvi.

Sunmaya ndiye aliyekata shauri.
Alimwaga bilauri ya maji kwenye jiwe la kizingiti
tukatazama yalikokwenda.
"Uzeni za chini," alisema. "Maji hayapandi mlima."
Na alikuwa bado hajahudhuria darasa hata moja.

Sasa yuko Gdansk.
Anasema bahari ya huko ni ya kijivu kama sufuria kuukuu,
wali anajipikia, unashikamana vibaya,
na mvua ikinyesha hukaa palepale iliponyeshea
kama mgeni asiyejua aelekee wapi.

Juzi baba alifungua mfereji.
Nilimfuata ngazi ya kwanza, ya pili, hadi ya saba.
Hapo tukasimama, vidole vya miguu ukingoni.
Maji hayakusimama.
Yaliingia shamba la watu bila hodi,
yakaendelea kushuka.