Aliyeshindwa Hana Spea

Mezani kwangu, nyuma ya stendi ya Moshi,
lipo kopo la maziwa ya unga lisilo na mfuniko.
Humo nimeweka wafu: chipu nyeusi, ndogo kuliko ukucha wa mtoto,
kila moja na jina mgongoni
ambalo hulisomi mpaka uubembeleze mwanga.

Vijana wa Chuo cha Ushirika huja na habari za mbio.
"Fundi Ndelilio, ya mwaka huu ni nanomita tatu!"
Tatu.
Mimi nina bisibisi ya milimita moja na nusu
na naiita nyembamba.

Huko wanakozipika, mmoja akitoa kasi
mwenzake hutoa kasi na nusu,
wa tatu hushusha bei mpaka jasho limtoke.
Sisi huku tunashindana na luku.

Jumatano akaja Mama Aikande, kutoka Kibosho,
simu ndani ya mfuko wa sukari, inanuka mbege.
"Ilitumbukia pipani. Baba yao yumo humo,
alijirekodi anahesabu migomba, kabla hajalazwa."

Nikafungua. Chipu imekufa.
Na walioitengeneza walishajitoa mbioni, mwaka wa sita huu;
walipitwa, wakafunga, wakaondoka na michoro yao.
Nikapiga Kariakoo. Wakacheka, wakakata.

Basi nikalimwaga kopo.
Mabingwa na waliopitwa wakatawanyika pamoja kama maharage,
nami nikachambua kwa kibanio, moja moja,
hadi nikaikuta pacha wake,
ya simu iliyokanyagwa na bodaboda kule Majengo.

Hewa ya moto, nyuzi mia tatu na hamsini.
Nimebana pumzi.
Umeme ukakatika.

Tulikaa gizani, mimi na mama yule, kama dakika arobaini.
Hakuuliza nanomita. Aliuliza kama nimekula.

Umeme ukarudi, kioo kikawaka,
ikatoka sauti ya mzee, na kikohozi chake, na kuku nyuma yake:
"...thelathini na mbili, thelathini na tatu,
ule wa mtaroni msiuhesabu, ni wa Mangowi."

Mama Aikande akapiga meza, chipu zikaruka.
"Mwongo! Ule ni wetu!
Tangu lini ukawa wa Mangowi?"

Akajifuta macho kwa kiganja.
"Rudisha nyuma, fundi. Pale anapokohoa."