Aprili ya Sabini na Nne

Baridi ya Milwaukee ilikuwa haijaaga.
Baba alitoka zamu ya usiku kiwandani,
vidole bado vinanuka grisi,
akatupandisha viti vya juu, vya bei ya chini:
mimi, Ludwika, blanketi moja, magoti sita.
Viti vingine vilikaliwa na theluji.

Mrushaji alipuliza viganja kabla ya kila mpira.
Gongo likilia, lililia kama mfupa.
Tukafungwa tisa kwa moja.
"Msimu bado mbichi, Kazik," alisema,
akiandika kila kosa kwa penseli butu.

Septemba tulimaliza wa ngapi? Sikumbuki.
Daftari ninalo.
Kwenye mzunguko wa sita mwandiko wake unaanza kutetemeka.
Miaka yote hii
nilidhani ni baridi.