Msoma Njia

Miaka kumi na tisa, Taimi, sikuiona barabara.
Macho yangu yalikuwa daftarini:
kushoto tatu, mita mia, kilima, usikate,
kulia nne, inafunga.
Nilisoma, nawe ukaamini
kama aamkaye usiku auaminivyo ukuta.

Ulianzia kwenye ziwa lililoganda,
Saab ya baba yako, mto wa kochi chini ya makalio.
Wadhamini walitaka picha; muda wako
hawakuuliza. Kule Lapua ulimshinda Rautio
kwa sekunde mbili, na gazeti likaandika
rangi ya kofia yako.

Kisha ule msonobari.
Nilisema tano; ilikuwa mbili.
Kosa langu, goti lako.
Hospitalini ulinitazama, ukauliza tu
kama daftari limepona.

Leo twaenda Kuopio kununua samaki,
kilomita arobaini kwa saa, theluji inanyunya,
malori yanatupita yakipiga honi.
Nimekaa ubavuni, mikono mitupu,
naiona njia kwa mara ya kwanza:
miti, masanduku ya barua, mbwa wa mtu.
Kona inakuja. Unapunguza mwendo,
unangoja.
"Kulia nne," nasema,
na ndipo unakata.