Mlango wa Uani

Sehemu ya tatu ilifika Gungu ndani ya flashi
iliyoviringishwa kwenye mfuko wa chumvi ya Uvinza,
na kufikia Alhamisi watu walikuwa wamepasuka
kama mgebuka uliotiwa kisu mgongoni.

Ruhaga, fundi pikipiki, anasema Mwangwi amekufa.
Ameliona daraja likimfunika,
ameuona mkono ukilegea,
na maiti ni maiti, hata ivae kinyago.
Leokadia wa dagaa anasema hapana:
joho lilitikisika. Mara mbili. Alihesabu.
"Ule ni upepo."
"Upepo chini ya daraja lililoanguka?
Upepo wa wapi huo, Ruhaga, wa Bangwe?"

Kwa kinyozi Buchumi mteja aliondoka na nusu kichwa
kwa kusema sehemu ya kwanza ndiyo filamu,
hizi mbili ni watoto wa kambo.
Mwalimu Gwimo alikuja na daftari la mraba:
makosa kumi na saba.
Saa ya mnara inasoma saa nne, kisha saa tatu.
Na yule adui, tuliyemwogopa miaka sita,
kaporomoka kwa dakika moja
kama mlevi aliyekosea ngazi.
Akalipa tena mia tano, akaingia kutafuta la kumi na nane.

Lakini wote, anayelia na anayesonya,
wanarudi palepale, kwenye maneno ya mwisho,
uso umejaa vumbi la zege, sauti imebaki uzi:
*Funga mlango wa uani, mvua inakuja.*

Mvua ni adui mpya, wanasema wengine,
itakuja sehemu ya nne.
Mlango ni mji.
Mlango ni yule mwanamke aliyemsubiri bure.
Ruhaga anatema mate kando:
"Shujaa hafi akitaja uani!
Hayo ni maneno ya mtu aliyeanika mihogo."

Sikumjibu.
Ni maneno ya mtu aliyeanika mihogo.

Mimi ndiye niliyemtia Mwangwi Kiswahili,
chumba cha nyuma ya duka la Ntakije,
maikrofoni nimeivisha soksi,
jenereta la jirani likikoroma ukutani.
Pale chini ya daraja alisema kitu kifupi.
Nilirudisha mara tatu sikukishika.
Neno moja, labda mawili. Labda kikohozi.
Na wiki ile nilikuwa nimetoka Maweni,
wodini, ambako mama alinishika mkono wa shati
akaniambia nifunge mlango wa uani.
Ilikuwa Julai. Mbingu kavu kama sahani.
Nyumba ya Kasulu yenye uani tuliiuza nikiwa darasa la tano.
Picha ilipofika kwenye uso ule
mdomo wangu ulinitangulia.

Debora wa kidato cha nne ndiye aliyenikamata.
"Kaka, nimemwangalia midomo.
Sentensi yako ni ndefu kuliko kinywa chake."
"Kweli."
"Sasa alisema nini?"
"Sijui."
Alifikiri, akisugua kidole cha mguu kwenye vumbi.
"Basi usiirekebishe," akasema, akaenda zake kisimani.

Jana usiku, saa tano, mlango wangu uligongwa.
Ruhaga, mikono bado ina oili,
simu ameifuta kwa tumbo la fulana.
Ameitazama upya sehemu ya kwanza, peke yake,
dakika ya ishirini na mbili,
kabla ya kinyago, kabla ya joho,
Mwangwi bado mtoto anakula mezani.
"Tazama nyuma ya mama yake."

Nikatazama.
Sufuria. Kalenda. Pazia la bluu.
Na kule mwisho, mlango mdogo, wazi,
nje yake kamba ya nguo ikiyumba.

Filamu hii nimeitafsiri mwenyewe.
Sikuwahi kuuona.

Ruhaga alinitazama
kama mtu aliyeshindwa kesi akapewa ng'ombe.
"Ulijuaje?" akaniuliza.

Nikamwambia, rudisha nyuma kidogo.