Mihula Miwili

Mwaka alioshinda, Bulugu Lugembe
alibebwa mabegani hadi mwalo wa Kirumba;
kiatu kimoja kikabaki mtaroni.

Hoja yake ya kwanza: mama wauza dagaa
wasifukuzwe. Ikapita.
Ya pili, ya tatu, zikalala kwenye faili.
Chama chake kilikuwa na viti viwili,
kimoja kibovu mguu.

Akaanguka kwa kura kumi na tisa.
Sisi wa huku mlimani, juu ya mawe,
tunaapa sote tulimpa.
Hesabu inakataa.

Siku hizi, kabla ziwa halijapata rangi,
anashuka ngazi alizozipigania,
arobaini na mbili, za zege,
zisizo na jina lake.
Anazihesabu.
Ya thelathini imepasuka.

Ameiandikia halmashauri barua.
Penye cheo, ameandika: mpita njia.