Jezi Kumi na Moja

Tulikuwa wachezaji kumi na wanne, jezi kumi na moja.
Hesabu hiyo Mbotela nzima iliijua.
Ukiitwa kuingia, unamngoja kwanza anayetoka
avue, aikamue, akurushie,
nawe unaivaa ingali moto kama chapati,
unaingia ukinuka jasho la mtu mwingine.

Mimi nilikuwa wa kumi na mbili.
Dakika kumi za mwisho zilikuwa zangu,
tukiwa tumeshashinda, au tumeshachapwa
na haidhuru tena nani anaingia.
Nilivaa saba ya Oguda. Mama Khavere aliishona
kwa kipande cha pazia la sebuleni kwake,
na kwenye mkia wa hiyo saba lilibaki ua moja, la samawati.
Vijana wa Maringo walitucheka kwa ua hilo
hadi Oguda alipotia mawili kabla ya mapumziko.
Hapo kicheko kikanyauka.

Uwanja ulikuwa kando ya reli, udongo mweusi
wa kung'ang'ania kiatu mvua ikinyesha
na kumeza kifundo cha mguu jua likiwaka.
Lango la kaskazini lilikuwa na mabomba ya maji.
La kusini, mawe mawili na imani:
mwamba wake uliishia pale mikono ya Wafubwa ilipoishia,
na Wafubwa, kipa wetu, alijua kuwa mfupi
mpira ukipita juu.
"Umepaa!" anaapa, viwiko vimekunjwa.
Refa, Gathogo fundi wa viatu, anatazama mawingu,
kisha anawatazama mashabiki,
kisha anakubali kwamba umepaa.

Treni ya mizigo ikipita, tulisimama.
Si kwa sheria. Mlio uliimeza filimbi,
basi ishirini na wawili, mikono kiunoni, tukahesabu mabehewa.
Siku moja yalifika arobaini na matatu.
Ndunda akasema, haya yanakwenda Kampala,
sisi hata Thika hatujaalikwa.

Kombe? Palikuwa na mbuzi.
Mwenye bucha alimfunga kwenye mlingoti wa kona
siku ya fainali na Jericho, na kabla ya kipindi cha pili
mbuzi alikuwa ameshakula bendera.
Tulishindwa kwa penalti. Ya mwisho niliipiga mimi,
kwa kuwa Oguda alikuwa ameumia kidole
na saba yake ilikuwa mgongoni mwangu.
Sitaki kusema mpira ulikoenda.
Mbuzi alitutazama akitafuna, akapelekwa Jericho.

Oguda hakunilaumu. Alisema tu,
"Nirudishie jezi yangu, imechoka."

Leo pale pana ghorofa nane, matangi ya maji juu yake,
na kwenye mawe ya Wafubwa mtu anauza gesi.
Juzi, baada ya matanga, binti wa Oguda
aliniletea mfuko wa karatasi.
Ndani, saba. Ua bado lipo, limepauka.
Nilifunga mlango nikaivaa, ikanikwama tumboni.
Ilinukia sabuni.
Miaka yote ile sikuwahi kuivaa ikiwa kavu.