Ghorofa ya Nane

Lifti za Gldani hula sarafu.
Kupanda ni tetri kumi, kushuka bure.
Nimezitengeneza miaka ishirini na miwili
na bado kila jioni, mlangoni pa jengo letu,
napapasa mifuko kama mgeni.

Watu hudhani lifti huvutwa na mota tu.
Nyuma yake kuna rundo la vyuma,
halina taa, halina kioo, hakuna anayelisalimu.
Ukipanda, lashuka. Ukishuka, lapanda.
Siku likikosekana, mota itaungua kabla ya adhuhuri.
Nilimweleza haya Tekla, binti yangu.
Akasema, baba, nataka hela ya safari ya shule.

Jumanne nilikuwa juu ya paa la lifti, jengo la kumi na saba,
grisi hadi viwikoni, tochi kati ya meno,
simu ikaanza kutetemeka kifuani.
Benki kwanza: sauti ya msichana mpole,
mpole kama kisu kipya.
Kisha Nestan, kutoka Bari.
Amemlaza bibi wa watu, ana dakika sita.
"Mama kameza dawa?"
Mama yake, ambaye huniita Shota, jina la marehemu mumewe,
nami nimezoea kuitika.
"Kameza," nikasema. Sikuwa na hakika.
Miaka minne sasa ndoa yetu inaishi ndani ya dakika sita sita,
na hela anazotuma naziona zikiingia
na kutokea mlango uleule, hata viatu hazivui.

Ya tatu ilikuwa ya Gocha. Nikaiacha ilie.

Gocha. Majira yale ya baridi umeme ulipokatika, lifti zikafa zote,
tulikuwa vijana wa miaka kumi na saba
tukipandisha ndoo za maji hadi ya kumi na sita
kwa wajane, kwa wagonjwa, na kwa Nestan
ambaye hakuwa mjane wala mgonjwa.
Tulipokezana kila ghorofa nne, bila kuhesabu nani kabeba zaidi.
Leo tunahesabu. Yaani mimi nahesabu:
lari mia tatu, tangu Machi mwaka juzi.
Nisipompigia, ataona nimemsusa.
Nikimpigia, atadhani namdai.
Basi nimekaa kimya, na kimya nacho kina riba.

Nikabonyeza kitufe. Lifti ikapanda nami mgongoni mwake,
polepole, kamba zikinung'unika,
ya tano, ya sita,
na pale ya nane, katikati kabisa ya jengo,
vile vyuma vikanipita.
Nimeviona mara elfu. Siku hiyo nilivitazama:
vumbi la miaka arobaini, jina la mtu lililochorwa kwa msumari,
bega kwa bega nami, kiasi cha kupepesa jicho.
Mahali pengine popote havikutani na lifti kamwe.
Mwezi wa kumi natimiza hamsini.

Nikasimamisha kila kitu. Nikampigia.

"We mwizi," akasema Gocha, "spana yangu namba kumi na tisa iko kwako?"
Ilikuwa mfukoni mwangu. Nikakana.
Tukabishania spana dakika kumi na moja,
humo gizani, kati ya nane na tisa,
mwanamke wa chini akigonga mlango:
ana samaki kwenye mfuko, barafu inayeyuka!
Mia tatu hakuitaja. Sikuitaja.
Akasema zabibu za babake zimeiva, hana watu wa kuchuma,
Jumamosi. Jumamosi nina zamu.
Nikasema nitakuja.

Sijui hiyo Jumamosi nitaipata wapi.
Labda nitaikopa kwa Jumapili, ambayo tayari inadaiwa.

Nyumbani vidonge vya asubuhi vilikuwa bado mezani,
viwili, vyeupe.
"Shota," mama akaita, "umechelewa."
"Naam," nikamwambia. "Lifti."